Laptop ya Miaka Sita

Nyumba ya nyuma,
Mtaa wa Kiwanda cha Sabuni.
Jumatatu, 15 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mgongo wako waendeleaje? Na baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha, labda kimechoka nami. Kule hospitalini bado nipo chumba cha kufulia, mashuka hayaishi.

Binti yako ni mzima. Amenipita kimo sasa, akinikumbatia kidevu chake kinanigusa utosini. Jina la Chiriku bado tunamwita, ingawa mwaka huu maneno yamemwishia, akawa wa kujibu ndiyo na hapana. Nilidhani ni ujana tu.

Nikuambie sasa kuhusu laptop uliyoniagiza nimnunulie ya kusomea. Tulikwenda Jumamosi asubuhi, duka lile lililo nyuma ya posta. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alianza na moja inayowaka taa za rangi chini ya herufi. Niliinyanyua, nzito kama jiwe la kusagia. Chiriku akacheka, akasema hiyo ni ya wacheza gemu, tena betri yake haifiki hata nusu ya siku. Ya pili ilikuwa nyepesi na rahisi. Muuzaji mwenyewe alikiri kuwa nafasi ya kuhifadhi kazi ni finyu mno, itajaa kabla muhula haujaisha.

Ndipo akauliza maswali mawili: mwanafunzi anataka kufanyia nini, na anataka imtumikie muda gani. La kwanza Chiriku alilijibu upesi. Anataka kuchora ramani za majengo, na michoro hiyo huhitaji mashine yenye nguvu. La pili nililijibu mimi. Nikasema miaka miwili, mpaka amalize sekondari.

Chiriku akanigusa mkono. "Sita, Shangazi. Miwili ya hapa, na minne ya chuo, nikiwa kwa baba."

Mdogo wangu, hivyo ndivyo nilivyopata habari. Mbele ya muuzaji, nimeshika waya wa chaji mkononi. Yule bwana aliendelea kueleza mambo ya kumbukumbu na kioo, nami nikajifanya nasoma karatasi ya bei. Herufi zilikuwa zinaogelea.

Nisikufiche, shetani alipita. Ile nyepesi ilikuwa pale pale karibu na kiwiko changu, na moyo ukaniambia: chukua hiyo, ife upesi, safari nayo ife. Kana kwamba mtoto huzuiwa na mashine mbovu! Nikamgeukia muuzaji, nikamwomba ile ambayo yeye angempa binti yake akienda mbali. Akaleta ya kijivu, haina urembo, ganda lake la chuma, betri hubadilishwa, na kumbukumbu huongezwa baadaye. Nilikifungua na kukifunga kifuniko mara nyingi nikipima bawaba, mpaka bwana wa watu akaanza kuhema. Ndiyo tuliyochukua. Nilimchagulia ya kumfaa miaka ambayo mimi sitakuwa naye.

Tulipoketi kituoni kungoja basi, aliukumbatia mfuko kifuani, akaniambia kwamba ulimwahidi utanieleza mwenyewe, naye amengoja tangu mwezi wa tatu huku akiogopa kufungua kinywa asije akaropoka. Kumbe ndiyo sababu ya ndiyo na hapana.

Nikamuuliza kama anataka kwenda.

"Nataka," akasema. "Lakini sitaki ubaki peke yako."

Nilimwambia basi limefika.

Usiku huo tulikula. Yeye akaingia chumbani na mashine yake, mimi nikabaki mezani na sahani mbili. Nilikuwa nasikia vidole vyake vikibonyeza upande wa pili wa ukuta, nikawaza kuwa hata sauti hiyo nitakuja kuitamani.

Jana tulianua mashuka yetu ya nyumbani. Unajua shuka hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, kisha mnakutana katikati. Tulipokutana nikamwambia aende, na asinitumie mimi kama kisingizio cha kuogopa. Ee, ndugu yangu, maneno yalivyomtoka! Alinionyesha michoro yake mchana kutwa: ngazi, madirisha, jua liingie wapi. Nilicheka naye. Furaha ilikuwepo, na kidonda nacho kilikuwepo, vyote kwenye kiti kimoja.

Nimekukasirikia, na hasira hiyo ni haki yangu. Wenyewe walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sidai mtoto, ni damu yako, na tangu mama yake afariki nilijua nimeshikishwa amana. Ila mwenye amana huja mlangoni akabisha hodi. Miezi yote hii ulipiga simu, ukaniuliza hali ya hewa, kisha ukasema nimpe Chiriku simu.

Msalimie sana wifi yangu, umwambie sina kinyongo naye. Wabusu wale mapacha ninaowajua kwa picha. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu, na mama mkwe wako wa zamani pia. Mola akulinde kazini na njiani, akupe afya na usingizi mwema.

Nijibu kwa mkono wako, unitajie mwezi atakaoondoka. Na bahasha iandike jina langu, si lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna.