Njia ya Saba, Kuelekea Mtoni

Ijumaa, tarehe 13

Kaka yangu mpendwa,

Kikao kimepangwa. Katibu wa chama cha waendesha baiskeli, yule tunayemwita Filimbi kwa sababu hupiga mluzi kila afikapo njia panda, alinipigia simu jana mchana. Alisema kamati itakutana Alhamisi ijayo, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, kuamua kama karakana yako itaondolewa kwenye orodha ya mafundi iliyo nyuma ya kitabu cha njia za baiskeli. Wanachosubiri ni maelezo yako tu, alisema, na yakiwa kama ulivyomdokeza, shughuli haitazidi dakika kumi. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua ungeyaruka yote mengine ukilitafuta.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na wifi yangu hajambo? Mimi ni mzima, ila kiwiko cha kulia kimechubuka na kidole gumba kimevimba, ndiyo maana mwandiko huu unayumba kama wa mwanafunzi. Habari ya kiwiko nitaifikia.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Wifi ameniambia umeizima na kuitia kwenye droo ya misumari. Anasema tangu ufunge karakana umeziba paa, umenyoosha geti, umepaka rangi ukuta ambao haukuwa na shida yoyote, na sasa unaitazama cherehani yake kwa jicho asilolipenda. Anahofia nyumba ikiisha utamgeukia yeye na bisibisi. Nilicheka. Halafu akaniambia kuwa jirani alikuletea baiskeli, breki zimelegea kidogo tu, kazi ya dakika tano, ukamwambia aipeleke kwingine kwa sababu mikono yako haiaminiki tena. Hapo kicheko kilikatika.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi katika familia, nikuandikie maelezo ya kupeleka kwa kamati: kwamba siku mbili kabla ya ajali ulibadilisha waya wa breki ya mbele ya baiskeli ya mwalimu, kwamba huenda hukuikaza skrubu yake sawasawa, kwamba unakubali kosa na unaacha kazi. Uliambatanisha karatasi tupu yenye sahihi yako chini, mimi nijaze juu. Nimeandika habari kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kupewa sahihi ya mtu kabla ya maneno yake. Niliiweka chini ya kamusi. Kila nilipohitaji kamusi, nilikisia.

Nikupe kwanza yanayojulikana. Mwalimu alianguka Jumapili moja, wiki tisa zilizopita, majira ya saa tatu asubuhi, kwenye kona iliyo juu kidogo ya daraja, akishuka kutoka machimbo ya mawe kwenda mtoni. Alivunjika nyonga na mtulinga. Mkaguzi aliyeitwa na kamati alikuta waya wa breki ya mbele umekatika karibu kabisa na usukani, upande uleule uliogonga mwamba. Ripoti yake ninayo. Ameandika kwamba hawezi kusema kama waya ulikatika kabla ya mtu kuanguka au kwa sababu ya kuanguka. Kamati imesoma hapo ikaona kosa la fundi. Na wewe ukawasaidia kusoma.

Mwalimu nilikwenda kumwona wiki ya nne baada ya ajali, akiwa bado hospitali. Nilijitambulisha kuwa mdogo wake fundi na nimekuja kumwomba radhi kwa niaba yako. Nilitarajia maneno makali. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi, anayefundisha fizikia. Aliniambia amefundisha msuguano miaka kumi na minane, na siku alipouhitaji yeye mwenyewe, ukamkana mbele za watu. Aliniagiza nikuambie hana kinyongo na wewe, na kwamba baiskeli yake haijawahi kuwa nyepesi kama ulipomrudishia. Anachotaka ni kujua sababu tu, kwa kuwa hawezi kukaa na jibu bila kuona hesabu yake. Kumbukumbu yake inaishia pale mteremko ulipoanza. Kinachofuata ni dari ya hospitali.

Kisha akanyoosha mkono mzima kwenye kabati la kando ya kitanda, akatoa kitabu chetu cha njia. Kilikuwa kimekunjwa pembe na kina doa la matope. Akanisomea, kwa sauti ya darasani, ukurasa wa Njia ya Saba: "Kutoka machimbo, kilomita nne za mteremko mpole hadi darajani. Achia breki, bonde ni lako." Alisema hicho ndicho kitu cha mwisho anachokikumbuka, kwamba alikitii. Aliachia breki na bonde likawa lake, kwa kilomita tatu na ushei.

Unajua kitabu kina jina la chama tu kwenye jalada. Hakujua aliyeyaandika maneno yale. Aliniuliza kama na mimi huwa naendesha. Nikamjibu kidogo kidogo. Akanimiminia juisi, nikainywa yote, nikaaga.

Jumapili iliyopita nilikwenda machimbo. Nilichukua baiskeli yangu, ile uliyoitengeneza mwezi uleule wa ajali, ukaitia waya kutoka bunda lilelile ulimokata waya wa mwalimu. Saa mbili na nusu nilikuwa juu, barabara kavu, hakuna upepo. Nikafanya kama kitabu kinavyosema. Mteremko ni mpole kweli, na ubaya wake ni huohuo, kwani haukupi sababu ya kushika breki mpaka umeshachelewa. Kipima mwendo kilisoma arobaini na moja nilipoiona kona. Inaanza wazi, unaona bonde lote na mto ukimeta kule chini, halafu mwamba unakuja mbele na barabara inajikunja ndani, finyu, na pale inapofinyika maji ya mvua yamemwaga changarawe za machimbo upana wote wa njia. Nilishika breki zote mbili. Zilishika, kaka. Ziliyabana magurudumu mpaka yakasimama, na baiskeli ikaendelea kwenda bila mimi kuamua chochote. Niliishia kwenye nyasi, hatua mbili kutoka kwenye mwamba. Ndiyo habari ya kiwiko.

Nilipoweza kusimama nilipanda tena kwa miguu, nikapima kwa kamba. Kutoka pale mtu anapoiona changarawe hadi kwenye mwamba ni mita kumi na nne. Kwa mwendo ule, breki ya fundi yeyote duniani haitoshi. Waya wangu, ndugu wa waya wa mwalimu, haukulegea hata uzi mmoja.

Sasa nifike nilipokuwa nakuzungusha.

Njia sita za kwanza tuliziandika wawili, wewe mbele, mimi nyuma na daftari limefungwa kwenye usukani. Sharti lilikuwa lako, kila njia iendeshwe mara mbili, kwenda na kurudi, ndipo iandikwe, kwa sababu kona ya kupanda si kona ya kushuka. Nilikuwa nakuona msumbufu. Ukumbuke Njia ya Tatu ulivyonirudisha kwenye jua kali kwa ajili ya kipande cha nusu kilomita, nikakuita mkaguzi wa mavumbi.

Njia ya Saba niliiandika peke yangu, mgongo ulipokulaza. Niliianzia mtoni, nikapanda. Kona ile ukiipanda huanza finyu kisha hufunguka, nawe uko katika mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo hata sikuiona kuwa kona. Kwenye daftari niliandika "panda pole, mandhari nzuri". Nilipofika machimbo goti lilikuwa linauma, mawingu yamekusanyika, na mhariri alikuwa anataka kurasa Jumatatu. Lilipita lori la kokoto, nikapakia baiskeli, nikarudi mjini kwa barabara kuu. Njia ya kushuka niliiandika mezani kwangu. Niligeuza kulia kuwa kushoto, nikageuza kupanda kuwa kushuka. Ilipobaki pengo nikalijaza na bonde kuwa lako. Uliponiuliza kama nimeiendesha pande zote mbili nilikujibu ndiyo. Ulikuwa umelala kifudifudi, hukuniona uso.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu karibu wote huianzia mtoni, kwenye kituo cha basi. Mwalimu anakaa upande wa machimbo.

Nilijua siku ileile ya ajali. Filimbi aliponitajia kona na upande aliokuwa akitokea, kabla hajafika kwenye nyonga, nilikwisha kujua. Hizi ni wiki tisa. Jumapili sikwenda kule kutafuta ukweli. Nilikwenda nikiomba breki zisishike.

Na kuna hili ambalo ni baya zaidi, maana la kwanza lilikuwa uvivu na hili nililifanya nikiwa na akili zangu. Wiki ya pili baada ya ajali kitabu kilikuwa kinarudi mtamboni kwa toleo jipya. Nilimwandikia mhariri kwamba ukurasa wa Njia ya Saba una sentensi moja isiyopendeza masikioni, tuibadilishe. Ukiifungua sasa utasoma: "Shuka polepole, kona ni kali na ina changarawe." Alinishukuru kwa umakini. Kwa hiyo nililisahihisha kosa langu kimyakimya kwenye karatasi, nikakuacha wewe ulibebe barabarani. Nilipopokea karatasi yako yenye sahihi, toleo hilo lilikuwa tayari rafuni kwangu.

Sitakueleza nilivyojisikia. Hukuniomba hilo.

Leo asubuhi nimempelekea Filimbi maelezo yangu kwa mkono, kurasa mbili, pamoja na daftari la siku ile, ambalo linaonyesha njia imeandikwa upande mmoja tu, vipimo vya Jumapili, na nakala za matoleo yote mawili. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani ameipandisha kwenye paji. Aliniuliza kama nimefikiri vizuri, kwa kuwa chama hakitanipa tena njia hata ya kwenda sokoni. Nikamwambia hiyo ni haki yao. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama haiwezekani tukasema ni kokoto tu, kazi ya Mungu, na fundi naye apumzike. Nilimwomba asaini kuwa amepokea. Alisaini. Nakala iko ndani ya bahasha hii, ukurasa wa pili ndio unaokuhusu.

Karatasi yako nakurudishia ikiwa tupu. Sahihi nimeikata kwa mkasi, usije ukapata mwandishi mwingine.

Alhamisi njoo au usije, kamati haikuhitaji tena kwa lolote. Ukitaka kunitukana, una haki, na namba yangu wifi anayo. Ninalokuomba ni moja. Jirani akirudi na baiskeli yake, zitazame breki zake. Usizitazame kwa ajili yangu.

Nisalimie wifi sana, na umwambie cherehani aifiche mpaka nije. Mama namwandikia kivyake, usinitangulie kumwambia. Ujipake ile dawa ya mgongo hata kama inanuka.

Kwa mwalimu nitakwenda Jumatano saa kumi jioni, siku moja kabla ya kikao, ili asiyasikie kwa kamati. Ameruhusiwa kurudi nyumbani, anatembea na magongo. Nimempigia simu mumewe kumwambia nina jambo la kumweleza mke wake. Akaniuliza kama ni habari za fundi. Nikamwambia hapana, ni habari za aliyeandika kitabu. Amesema watanisubiri.

Mimi mdogo wako,
wa daftari