Maua ya Meza ya Mfalme

Nizwa, Jumatano, 12 Novemba

Nassor wangu,

Siwezi kutulia. Leo karakanani Firq nimemkuta Seif, fundi mwenzio, kashika mashine ya msasa juu ya meza uliyoiacha hujaimaliza ulipofariki, ile uliyoiga ya mfalme wa Ufaransa wa karne ya kumi na nane, yenye maua ya vipande vya mbao vilivyobandikwa juu.

"Shemeji, dakika tano tu, wallahi itang'aa!"

"Na maua je? Mbao zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Mashine itayala yote! Yanakwanguliwa kwa mkono."

Kacheka. "Haya, kwangua wewe."

Nimekwangua kwa kibapa cha chuma, kama ulivyokuwa ukifanya. Waridi moja limetoboka. Sijamwambia mtu. Naogopa kuendelea, na kumwachia Seif naogopa zaidi, basi kesho...

Nitakwenda, nikaendelee kukwangua mwenyewe. Huko uliko, kama mnakumbuka, nikumbuke na mimi.