Babu Amefika Asilimia Tisini na Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Skarvdal, Norwe
Kuhusu: kupotea kwa Arnfinn Haukedal, mwenye umri wa miaka 79
Jina la shahidi: Ingvild Haukedal
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: Drammen. Kwa siku hizi za Pasaka, nyumba ya familia mlimani, Skarvdal
Yameandikwa na: Afisa Gunnhild Tveiten, Jumamosi tarehe 30 Machi 2024, kuanzia saa 12:35 jioni

Mama yangu, Sunniva Haukedal, ameketi karibu nami kwa kuwa sijafikisha miaka kumi na minane. Arnfinn Haukedal ni babu yangu mzaa baba, na mimi ndiye niliyemwona mara ya mwisho. Afisa ameniomba mara mbili niongeze sauti. Nitajaribu.

Babu anaumwa macho. Katikati pamekufa, anaona pembeni tu. Vitabu vya karatasi hawezi tena. Miaka miwili iliyopita tulimnunulia kifaa cha kusomea vitabu, kile chepesi chenye kioo cha kijivu na taa yake ndani, nami nikakifungua kwa akaunti yangu ili niwe namtafutia vitabu. Herufi nimezikuza mpaka mwisho. Kila ukurasa una maneno sita, saba. Mwanzoni nilimpakulia vitabu vya zamani vya bure, vya waandishi waliokufa siku nyingi. Akasoma kama kumi hivi, halafu akaniambia, "Ingvild, wafu nimeshawasikiliza vya kutosha. Nitafutie walio hai." Tangu hapo naazima maktaba kwa mtandao. Vitabu hivyo vina siku zake. Siku zikiisha, kitabu kinajifunga, na huwezi kukifungua mpaka uazime tena, na kuazima kunataka mtandao. Nyumba yetu ya mlimani haina mtandao, na simu hazishiki.

Lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa aliyoyafanya. Hapa Norwe wengi wetu tunapanda mlimani siku za Pasaka na machungwa na vitabu vya hadithi za mauaji. Kwetu tunasoma kitabu kimoja, kila mtu nakala yake, na wote tunasimama kabla ya sura ya mwisho. Jumamosi jioni tunakaa mbele ya moto, kila mmoja anamtaja anayedhani ndiye muuaji, kisha sura ya mwisho inasomwa kwa sauti. Kusoma sura ya mwisho peke yako ni mwiko. Babu ndiye aliyeiweka sheria hiyo kabla baba yangu hajazaliwa. Hajawahi kuivunja, hata Pasaka ile bibi alipokuwa hospitalini.

Leo asubuhi kwenye chai kitabu cha Babu kilikuwa kimejifunga. Alikuwa amebakiza robo hivi. Baba yangu, Torgeir, alicheka.

"Baba, kobe ameshafika, wewe bado njiani."

Babu akamjibu, "Kobe ana macho. Na kobe hakuzaa mpumbavu."

Tulicheka sote. Nilimwahidi Babu kwamba mchana tukishuka dukani kijijini nitamwazimia tena. Lakini saa sita redio ikatangaza dhoruba, na Baba akasema hakuna kushuka. "Mwaka huu utasikiliza tu, Baba. Si lazima utaje muuaji." Alisema kwa upole. Babu alimenya chungwa lake lote akaliacha mezani.

Mnamo saa saba mchana nilimkuta Babu mlangoni anafunga ski miguuni, zile mbao za kutelezea thelujini. Alikuwa na fimbo ya kuvulia samaki. Kifuani koti lilikuwa limevimba, nikadhani ni chupa ya chai.

Nikamuuliza, "Unaenda wapi na dhoruba inakuja?"

"Ziwani. Dhoruba ni ya jioni. Nikirudi nitamtaja muuaji, mwambie baba yako aanze kuogopa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alishuka kwenye njia ya ziwani, nami nikarudi ndani.

Dhoruba ilifika mapema, saa tisa na nusu. Baba alitoka kumtafuta. Aliikuta fimbo imesimikwa kwenye theluji ukingoni mwa ziwa, karibu na pale mto unapoingia, ambapo barafu huwa nyembamba. Babu hakuwepo, na upepo ulikuwa umefuta alama zote. Baba aliendesha gari mpaka barabara kuu ndipo simu yake ikashika, akawaita ninyi. Waokoaji wako ziwani mpaka sasa wanatoboa barafu, na Baba yuko nao. Mimi na Mama tuliletwa hapa nitoe maelezo.

Nilipoingia kituoni simu yangu ilishika mtandao kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nilifungua programu yangu ya vitabu. Naona aibu kusema, lakini nilitaka kuona tu jina la kitabu cha Babu. Badala yake ulitokea ujumbe kwamba kifaa kingine kimesoma mbele ya simu yangu (mimi nilisoma nakala ya karatasi), kimefika asilimia themanini na moja, je, nipelekwe hapo?

Asubuhi kilikuwa kimejifungia kwenye sabini na nne.

Nikaangalia akaunti ya maktaba. Kitabu kimeazimwa tena leo saa tisa na dakika ishirini alasiri. Si mimi niliyekiazima.

Afisa Tveiten aliniuliza, "Binti, haiwezekani mashine imejisogeza yenyewe?"

Nikamwambia hapana. Haisogei bila kidole kugusa. Nikamwonyesha simu, na mbele ya macho yake themanini na moja ikawa themanini na mbili. Mama alipiga kelele. Babu yu hai na anasoma, hayuko chini ya barafu.

Afisa akauliza anapata wapi mtandao. Hapo nilimtazama Mama kwanza, kwa sababu jibu lilikuwa siri yangu na Babu.

Kifaa cha Babu hujiunga chenyewe na mtandao kinaoujua tu. Kinaijua mitandao mitatu: wa nyumbani kwake, wa kwetu Drammen, na wa Oddmund Brekke. Brekke ni jirani yetu mlimani, nyumba yake iko ng'ambo ya mgongo wa mlima, upande usioelekea ziwani. Yeye na Baba hawasemezani tangu ugomvi wa nani alipe kuondoa theluji barabarani. Baba ametukataza kukanyaga kiwanja chake. Lakini Oktoba iliyopita Babu alimwomba Brekke neno la siri la mtandao, naye akampa. Brekke hukaa mbali, huwasha joto la nyumba kwa simu kabla hajaja, kwa hiyo mtandao wake hauzimwi mwaka mzima. Mimi na Babu tulikuwa tunakwenda kukaa kwenye banda lake la kuni, nyuma ya ukuta, tunapakua vitabu. Hatukumwambia mtu. Babu alikuwa akisema, "Tunaiba kwa ruhusa."

Nadhani alishuka ziwani ili Baba aone anashuka ziwani. Akaiacha fimbo pale aichukue wakati wa kurudi, akapanda kwa Brekke. Dhoruba ikamkuta bandani. Banda lina kuta tatu tu.

Afisa aliwaita waokoaji kwa redio. Walisema mgongo wa mlima haupitiki kwa hofu ya maporomoko ya theluji, watazunguka kwa barabara na pikipiki za theluji, na haitapungua saa moja na nusu. Helikopta haiwezi kuruka. Nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, mbali na upepo.

Afisa akampigia Brekke, ambaye yuko kwa binti yake Denmark. Sauti ilisikika chumba kizima.

"Arnfinn? Kwenye kuni zangu? Huyu mzee ana wazimu! Ngoja, ngoja, nawasha joto. Tayari. Na kufuli nimeifungua, yangu inafunguka kwa simu. Mwambieni aingie, kuna blanketi, kuna kila kitu."

Afisa akamwambia hatuna njia ya kumwambia. Simu ya Babu iko nyumbani kwetu juu ya kabati.

Brekke akauliza polepole, "Sasa nimemfungulia nani?"

Hapo nikasema kwamba naweza kumpelekea kitabu. Nilisema kwa sauti ndogo, na Afisa akaniomba nirudie.

Kifaa kina anwani yake. Ukiandika chochote ukakituma kwenye anwani hiyo, kinaingia kama kitabu kipya. Shida ni kwamba hakiingii juu ya ukurasa unaosomwa. Kinakaa kwenye ukurasa wa mwanzo, kwenye rafu ya vitabu, na Babu harudi kwenye rafu mpaka amalize kitabu. Majina ya kwenye rafu ni madogo, hawezi kuyasoma, lakini nilimfundisha kwamba kipya hukaa juu kushoto. Anagusa hapo bila kuangalia. Kikishafunguka, herufi zinakuwa kubwa.

Niliandika barua. Nilimweleza kila kitu, kwamba tunajua aliko na waokoaji wanakuja, na kwamba nampenda. Afisa aliisoma begani kwangu akaniambia, "Fupisha, binti. Vidole vyake vimeganda." Nikakumbuka maneno sita kwa ukurasa. Nikafuta kwamba nampenda, kwa sababu neno hilo lingelisukuma neno mlango kwenye ukurasa wa pili. Nilituma hivi: "Babu, mlango uko wazi. Ingia ndani."

Ilikuwa saa moja na dakika tano usiku. Tangu hapo Afisa anaandika maneno yangu huku sote tukitazama simu.

Alisoma vizuri hadi saa moja na robo. Themanini na nane. Tisini na moja. Mama alikuwa anasema, "Soma, Baba, soma, Baba," kama mtu anayemshangilia mtoto kwenye mashindano. Mimi sikushangilia, kwa sababu najua sura ya mwisho inaanzia wapi. Inaanzia asilimia tisini na nne.

Alifika tisini na nne akasimama.

Mama aliuliza kwa nini haisogei. Nikamwambia amefika kwenye mwiko. Babu akifika hapo kila mwaka hukilaza kitabu kifuani, hufumba macho na kufikiri nani muuaji. Huchukua hata nusu saa. Sikumwambia Mama yale mawili niliyokuwa nawaza. La kwanza, kwamba amefunga kifaa na ametoka bandani kurudi nyumbani kwenye dhoruba, ili awahi kumtaja muuaji. La pili, kwamba kwenye baridi kama ile mtu akifumba macho halali usingizi wa kawaida. Sasa nayasema kwa sababu haya ni maelezo ya polisi na lazima niseme ukweli.

Baba alipiga kutoka kwenye gari la waokoaji. Alimuuliza Mama, "Anasoma?" Mama akasema, "Amesimama." Baba akasema, "Mimi nilimwambia si lazima." Akarudia, "Nilimwambia si lazima, Sunniva." Kisha simu ikakatika.

Dakika zilipita bila namba kusogea. Afisa aliniletea maji, nikayaweka kando ya simu.

Saa mbili kasoro kumi na tatu ikawa tisini na tano.

Mama alimkumbatia Afisa. Walikuwa wanacheka na kulia. Mimi nilianza kulia vibaya, Mama akanishika mabega, "Mbona unalia, mwanangu, yu hai! Anasoma!"

Nikamwambia, "Anasoma sura ya mwisho, Mama. Peke yake."

Mama akaacha kucheka.

Babu hawezi kuisoma sura hiyo bila sisi. Kama anaisoma, basi amekubali kwamba jioni ya leo hatakuwepo mbele ya moto. Ameona asife bila kumjua muuaji. Mimi namjua babu yangu, hiyo ndiyo maana yake na hakuna nyingine.

Afisa ameniuliza kama nataka kupumzika. Sitaki. Sasa ni tisini na nane. Anasoma polepole kuliko mwanzo. Nimejikuta namwomba asome haraka, halafu naogopa amalize, kwa sababu akimaliza kuna mambo mawili tu: aguse juu kushoto, au afunge kifaa akiweke ndani ya koti, na sitajua tena lolote.

Imefika mia moja. Ni saa mbili na dakika tisa usiku.

Barua yangu bado haijafunguliwa.

Sina jambo jingine ninalolijua. Yote niliyoyasema ni kweli na nimeyasema kwa hiari yangu, na naomba wanaokwenda kwa Brekke waende moja kwa moja bandani, nyuma ya ukuta wa kaskazini, kwenye kuni.

Sahihi ya shahidi: Ingvild Haukedal
Sahihi ya mzazi: Sunniva Haukedal

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya naye akathibitisha kuwa ni sahihi. Alikataa kutia sahihi kabla hajajua hali ya babu yake. Saa 2:14 usiku akaunti yake ilionyesha kuwa barua imefunguliwa. Kwa dakika sita hakuna lililotokea. Saa 2:20 Oddmund Brekke alipiga simu kutoka Denmark na kusema, nanukuu: "Mlango wangu umefunguliwa. Sasa umefungwa. Umefungwa kwa ndani." Shahidi alitia sahihi saa 2:21.

Waokoaji walifika saa 2:50 na kumkuta Arnfinn Haukedal sakafuni, amejifunika blanketi, hai, anajibu anapoitwa. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimeumizwa na baridi. Torgeir Haukedal aliingia kwanza. Kwa mujibu wa waokoaji, alimtaka baba yake asimwambie muuaji ni nani, na mzee akasema hatamwambia.

G. Tveiten, Afisa wa Polisi, Skarvdal