Kula Kwanza, Mwanangu

Mama, shikamoo. Sauti imenikauka kabisa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Hapa Kalangalala tunasoma riwaya moja kwa sauti, tukipokezana tangu asubuhi, kuchangisha pesa za nyumba ya wajawazito wa vijijini, wasubirie siku zao karibu na hospitali. Zamu yangu ikanikuta pale kijana anaporudi nyumbani kutoka machimboni mikono mitupu, na mama yake anamwambia tu, "Kula kwanza, mwanangu."

Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu, viatu vimejaa tope, akainuka akanibandika noti kwenye paji la uso, kama tunavyowatunza wacheza ngoma. "Rudia hapo, mayu!" Mimi huyu, kaniita mama! Sasa ukitunzwa utakataaje? Nikarudia. Akaja mwingine, naye anataka hapohapo. Noti zikawa zinadondokea kitabuni, jasho linanitiririka, mstari siuoni tena, ila maneno yale yalishanikaa kichwani. Msimamizi akalalamika kwamba kwa mwendo huu kitabu hakitaisha. Muuza michembe mmoja, sinia la viazi vikavu kichwani, akamjibu kutoka nyuma, "Kisiishe! Nyumba ndiyo iishe."

Nilipomtazama tena yule wa kwanza, alikuwa ameshusha kofia mpaka usoni.

Msalimie Doto, na majirani wote wa Kambarage. Michembe ya huku haifikii yako. Jumamosi nikipiga hodi, mama, usiniulize habari za safari. Unajua la kuniambia.

Mwanao akupendaye,
Kulwa