Baba, Nimemshusha Sikitu Mjini

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia. Lakini maisha yangu yote sijawahi kukuanza kwa neno jingine, na sitabadilisha leo kwa sababu tu umelala kule Mgeta pembeni mwa Mama. Mimi ni Felista wako. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlango wa nyuma, nyumbani kwangu Mwembesongo, Morogoro mjini, na miguuni pangu amelala Sikitu.

Ndiyo, Baba. Sikitu. Mbwa wako.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana ungeziuliza. Shamba analilima kaka Prosper. Kabichi zimefunga vizuri mwaka huu, njegere zimepigwa na baridi kidogo. Lile bati la jikoni lililokuwa linavuja amelibadilisha. Jina lako msalabani limeandikwa bila kukosewa, nilimsimamia fundi mpaka herufi ya mwisho. Wajukuu wako hawajambo. Magda amenipita urefu, na yuko darasa la sita.

Haya. Sasa lile lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya komunyo ya kwanza ya Magda tulikuja kuifanyia kwako, kwa sababu wewe ulitaka. Nilikuja na wakwe zangu kutoka mjini, na wanakwaya, na watu wengine wa heshima. Tukiwa tumekaa uani, chakula kimeshapakuliwa, wewe ukainuka na sahani yako. Ukaenda kuchuchumaa kwenye kona, ukaanza kumlisha Sikitu kwa mkono. Tonge kwa tonge. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufunga ukungu ule mweupe, na wewe ulikuwa unapuliza wali usimuunguze. Halafu nikaona alichovaa. Sweta langu la kijani la darasa la kwanza, ambalo Mama alilitunza sandukuni miaka yote ile.

"Mwanangu, kula taratibu," ukamwambia. "Mwanangu."

Mama mkwe alicheka akaficha mdomo kwa kanga. Kwaya nzima ikacheka. Mimi nikainuka mbele za watu wote. Nilisema, "Baba, kuna watoto kijiji hiki wanalala na njaa, wewe unamlisha mbwa wali?" Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini niliendelea. "Mimi hukuwahi kunibeba hata siku moja. Hukuwahi kunilisha. Mimi nilikula fimbo. Leo mwanao ni mbwa?"

Wewe ukaniangalia, sahani mkononi.

"Ni kweli, Felista," ukasema.

Basi. Ni kweli, Felista. Ukarudi kumlisha.

Nilitegemea unifokee, kama zamani. Ungenifokea ningejua la kufanya. Miaka miwili iliyofuata nilikutumia sukari, mafuta ya taa na dawa za presha kwa watu wa malori, na nilikupigia simu Jumapili kukuuliza hali. Lakini mimi na wewe hatukuzungumza tena, Baba. Unajua hatukuzungumza. Halafu Prosper akapiga simu saa nne asubuhi, nikiwa sokoni nachambua karoti, akasema umedondoka shambani na hukuinuka.

Baada ya mazishi, ndugu walipokuwa wanagawana majukumu, ikaulizwa mbwa je. Mtu mmoja akasema kipofu yule ana faida gani, apewe sumu apumzike. Prosper hakukataa. Na mimi, nakuungamia, sikukataa. Nilikuwa nimechoka. Nilitoka nje nikamkuta Sikitu amelala mlangoni pa chumba chako, siku ya nne hajala. Nikamwekea bakuli la ugali na dagaa. Hakunusa hata.

Ndipo akaja baba mdogo Kolumba, jirani yako. Alisimama nyuma yangu akiegemea jembe.

"Hivyo hatakula," akaniambia. "Lazima ukae chini. Umguse hapa chini ya sikio kwanza, ajue ni nani. Umwambie chakula ni kipi. Halafu umpe kwa mkono. Kaka yangu alikuwa anafanya hivyo asubuhi na jioni, tangu macho yalipokufa."

Nikamwambia, "Baba mdogo, mimi baba yangu simjui huyo unayemsema."

Akakaa kwenye jiwe. Akasema, "Hata mimi nilimuuliza. Nilimwambia, wewe Deo, wanao uliwahi kuwalisha hivi? Akaniambia, sikuwalisha. Nilikuwa natoka hawajaamka, narudi wamelala. Niliogopa nikiwadekeza hii milima itawashinda, kwa hiyo nikawachapa. Nilidhani ndiyo ubaba. Huyu mbwa nilimwokota baada ya mama yao kufa, mtu kamtupa njiani, namuuliza vipi unamtupa, ananijibu si kitu hicho. Nikamleta nyumbani, nikaanza kujifunza kwake. Nimeshachelewa kwa Prosper na Felista. Lakini nikifa bila kujifunza itakuwa vibaya zaidi."

Baba, nilibaki nimeshika lile bakuli.

Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nakujua wewe kama ninavyoujua ule mlima nyuma ya nyumba, nikijua hausogei. Kumbe ulikuwa unasogea. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, peke yako kwenye nyumba ile ya baridi, hakuna aliyekuambia, hakuna aliyekusifu, kijiji kizima kinakucheka, mwanao mwenyewe anakutukana mbele ya wakwe, na wewe unachuchumaa kila siku kujifunza upole. Kama mtoto anayejifunza kusoma. Mimi nilidhani umempa mbwa kilichokuwa changu. Kumbe hukuwa nacho wakati ule. Ulikuwa unakitafuta.

Nilikaa chini. Nikamgusa Sikitu chini ya sikio. Nikamwambia, "Ni ugali na dagaa." Nilijisikia mjinga. Alitulia muda mrefu, pua inatetemeka, kisha akala mkononi mwangu.

Kesho yake nikamshusha mjini. Dereva wa lori la kabichi alikataa katakata. "Dada, mbwa hapandi hapa, wenye mzigo watanisema." Nikaanza kumbembeleza, nikataja jina lako. Akazima injini.

"Mzee Deo? Huyu ndiye Sikitu?"

Alishuka mwenyewe, akatandika gunia tupu nyuma ya kiti. Njia nzima ya kuteremka, kona baada ya kona, alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kwamba mwaka fulani Sikitu alikatwa mguuni na kipande cha bati, na wewe ulimfunga mgongoni kwa kanga ya Mama, mbeleko kabisa, kama mwanamke anavyombeba mtoto mchanga. Ukatembea hivyo milima ile yote kwenda kumtafuta bwana mifugo. Ilikuwa siku ya gulio. Watu wote wa Mgeta walikuwa njiani.

"Samahani dada, tulimcheka!" akasema. "Makuli walikaa chini kwa kucheka. Na mzee akawa anacheka na sisi, huku anatembea. Hakusimama. Tulimcheka mpaka tukachoka. Baadaye tukaanza kumsalimia yeye na mbwa wake."

Baba, wewe. Uliyekuwa unakataa hata kushika kapu la Mama njiani kwa sababu mwanamume habebi kapu. Nilitazama mabonde yale kwenye kioo, ukungu unapanda, vijia vinavyopanda mpaka shingo inauma, nikakuona unapita na mbeleko yako.

Na sasa zamu yangu imefika. Vijana wa kijiweni wakiniona natembea na Sikitu kwa kamba, taratibu, nikimwambia hapa mtaro, hapa jiwe, wanapiga kelele, "Oya, mama Magda kashakuwa mzungu!" Mwenzangu mmoja wa sokoni aliniambia lile lile nililokwambia wewe, kwamba kuna watoto Morogoro hii wanalala na njaa na mimi napikia mbwa. Huenda ana haki ya kuuliza. Najua tu kwamba mimi nilipokuuliza wewe, sikuwa nawafikiria watoto wenye njaa. Nilikuwa najifikiria mimi.

Lakini wapo na wengine. Mama Zuhura, jirani yangu, alikuja siku ya tatu akasimama mbali. "Felista," akasema, "mimi mbwa simgusi, unajua, nina udhu wangu. Lakini kiumbe cha Mungu hakikai na kiu karibu na mlango wangu." Akanunua beseni dogo, akaliweka kwenye mpaka wa uwanja wetu, na kila adhuhuri analijaza maji kutoka kwenye dumu, akiwa amesimama, bila kumkaribia. Sikitu ameshazijua kandambili zake. Akizisikia, mkia unapiga ardhi. Na Mama Zuhura, akidhani simsikii, anamwambia, "Haya, maji hayo, kunywa bibi."

Halafu kuna la wiki iliyopita. Hili ndilo hasa.

Asubuhi ile nilichelewa sokoni kwa sababu Sikitu aliogopa ngazi. Ni ngazi mbili tu hizi za mlango wa nyuma, lakini mvua ilikuwa imenyesha na harufu zote zimebadilika, akagoma. Nikakaa chini. Nikaweka mkono ngazi ya kwanza, nikaipigapiga asikie. "Hapa. Njoo hapa." Akaweka mguu mmoja akaurudisha. Nikasubiri. Mimi, Baba, nisiyeweza kusubiri chai ipoe. Tulimaliza kama nusu saa kwa ngazi mbili. Alipofika chini alinilamba mkono, na nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Nikarudi ndani. Nikamkuta Magda ameangusha simu yangu kwenye beseni la vyombo. Simu yenye namba za wateja wangu wote. Mkono wangu ulikwenda juu wenyewe. Unaujua mkono huo, Baba, ni wako. Na Magda akanyanyua kiwiko chake, haraka, akafunika uso, akajikunja pale ukutani kabla sijasema neno lolote.

Niliuona ule mkono wake. Niliuona kana kwamba sijawahi kuuona, na najua ameunyanyua mara nyingi. Mtoto wangu amezoea. Ameshajua pigo litatokea upande gani.

Dakika tano kabla nilikuwa nimekaa kwenye tope nikimngojea mbwa.

Nilishusha mkono. Haukutaka kushuka, nakwambia ukweli. Nikavuta kigoda, nikakaa niwe chini yake. Nikasema, "Magda, sikupigi." Hakuamini. Alinichungulia chini ya kiwiko. Nikakaa. Sikusogea. Nikamngojea na yeye, nikamngojea mpaka aliposhusha mkono kidogo kidogo, akaanza kulia, akasema, "Samahani mama, iliteleza." Nikamwambia ninajua iliteleza. Kisha nikafungua mikono, na lile lijitoto lirefu likaja likanikalia mapajani, miguu inaburuta sakafuni, kigoda kinalia. Sikumbuki mara ya mwisho kumpakata.

Simu imekufa. Namba nazitafuta moja moja.

Baba, mimi ninasali, nimeona mengi, nimezaa, nimezika. Lakini tangu asubuhi ile natembea kama mtu aliyeona kitu kikubwa akakosa pa kukisemea. Kwamba ulichojifunza kule juu kwa mnyama aliyetupwa, peke yako, bila kumwambia mtu, kimeteremka milima yote ile na kumfikia Magda jikoni. Wewe ulidhani umechelewa.

Nisamehe kwa siku ile ya komunyo. Sisemi kwamba fimbo zako nimezisahau, hapana, nazikumbuka na zinauma. Ila sasa nazikumbuka pamoja na ile mbeleko.

Nakuahidi Sikitu atakula mkononi mwangu mpaka siku atakayokataa mwenyewe, na siku hiyo nitakaa naye. Nakuahidi kumwita Prosper, tukae, nimsimulie aliyonisimulia baba mdogo Kolumba, maana na yeye ana watoto na ana mkono huu huu. Na Magda nakuahidi sitampiga. Nitateleza, najua. Lakini sitangoja mpaka niwe bibi ndipo nijifunze.

Jana Magda alikuwa anamchana Sikitu manyoya hapa nje, akaniuliza, "Mama, eti babu alikuwa mkali?"

Nikamwambia, "Alikuwa mkali sana. Halafu akajifunza."

Lala salama, Baba. Msalimie Mama.

Mwanao,
Felista