Kundi la Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo kantini wametupa samaki, saladi na juisi za rangi tatu — zote bure. Mume wangu alikula sahani mbili, akanikonyeza kutoka meza ya watu wa ramani, idara yake. Anaipenda kampuni hii kuliko mwenye kampuni. Nyumbani akamsimulia mama yake yote. Mama mkwe akasema hata kuku wa kisasa analishwa vizuri. Akanigeukia: "Au siyo, Bibi Kompyuta?" Tukacheka mpaka akakohoa.

Tangu nimwandikishe kwenye bima yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na figo zake mbovu hazijatufilisi. Cheo changu kinaruhusu wazazi, hata wa mume. Cha mwanawe hakiruhusu. Kwa hiyo nikiinung'unikia kampuni, nanung'unika kwa sauti ndogo.

Jumanne, 4 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kazi yangu ni kufungua na kufunga. Mtu akiajiriwa, idara yetu inamfungulia barua pepe, mafaili, kadi ya geti. Akiondoka tunamfungia. Leo bosi wetu — Bwana Taratibu, maana kila jibu lake ni "kuna taratibu" — ametuletea makundi matatu ya kufunga kwa mpigo. Hayana majina ya watu, namba za kadi tu. Ndivyo wanavyofanya ili tusijue tunamfungia nani.

Namba moja naijua. Iko kwenye kadi inayoning'inia msumarini kwetu kila jioni. Watu wa ramani, ghorofa ya nne. Wote tisa. Jumatano ya wiki ijayo asubuhi, kabla hawajafika.

Nilienda msalani nikafungua bomba ili nisisikike.

Jumatano, 5 Machi

Tumekula kiapo cha kutosema. Mwaka jana mwenzetu alimdokeza binamu yake tu, na jioni hiyo hiyo alitoka na boksi lake mkononi. Nikitoka hivyo, bima inatoka nami. Na mama je? Maji yamenifika shingoni.

Nilimwomba Bwana Taratibu anitoe kwenye kazi hii. Akauliza kwa nini. Halafu akawahi kusema: nikieleza, itabidi aripoti. Nadhani alikuwa ananionea huruma. Nikasema basi, nitafanya.

Ijumaa, 7 Machi

Afueni! Ile kampuni ndogo ya mji mwingine, iliyomfanyia mume wangu usaili Januari, imempigia. Wanamtaka. Mshahara mdogo, kantini hakuna, na atakuwa anarudi nyumbani wikendi tu. Wanataka jibu Jumatatu.

Nikamwambia aende. Akacheka. Nikamwambia tena.

"Mbona unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Hizi kampuni kubwa hazina shukrani."

"Sasa wewe mbona unaing'ang'ania?"

Nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya tatu namsukuma. Nimetaja kukua kikazi. Nimetaja hewa safi ya kule, mimi ambaye sijawahi kufika. Asubuhi nikamsikia anamwambia mama yake kwamba huenda nimemchoka. Mama akamjibu kwamba mke aliyechoka hamwoshi mama mkwe miguu. Niliegemea ukuta wa jikoni nikalia.

Mchana nikamwomba aniamini tu, aende. Akanitazama sana.

"Una mtu?"

Mume wangu, ananiuliza mimi hivyo. Nikasema sina. Hakubisha. Akachukua kofia akaenda kunyoa, ingawa alinyoa wiki iliyopita.

Jumatatu, 10 Machi

Amewakatalia.

Alinifuata mezani kwangu kazini, kitu ambacho hajawahi kufanya, na vikombe viwili vya kahawa. Alisema amefikiri wikendi nzima. Kama kuna kitu kimetuharibikia, hakiwezi kutengenezwa kwa simu. "Nimechagua kukaa na wewe. Kazi zipo tu."

Bwana Taratibu alikuwa meza ya pili. Nilifungua mdomo, nikauweka kwenye kikombe. Nikanywa kahawa yote, na yeye akanisubiri nimalize ili arudishe vikombe.

Sijawahi kupendwa hivi, wala kuumia hivi.

Jumatano, 12 Machi

Nilitoka yeye yuko bafuni anaimba.

Nilifunga. Kubofya mara moja kwa kila kundi. Lake nikaliacha la mwisho, kana kwamba kuna tofauti. Kupitia dirisha nikawaona watu wa ramani getini wanagusisha kadi kwenye mashine, wanazifuta kwenye mashati, wanagusisha tena. Yeye aliwatania, akawasogeza, akajaribu ya kwake. Akageuza kadi upande wa pili. Halafu akainua macho kwenye madirisha ya idara yetu. Anajua kazi yetu ni ipi.

Nimerudi jioni nikamkuta sebuleni, hajavua viatu. Amepiga simu kwenye ile kampuni ndogo. Nafasi imeshachukuliwa. Mama ameambiwa mwanawe ana homa.

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamweleza kiapo, bima, mama, yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nilikuuliza kama una mtu," akasema. "Ukaniacha nilale na hilo."

"Ningefanyaje?"

"Ungeniambia. Tungejua pamoja la kufanya. Mama ni wangu, jamani."

Nimekimbilia jikoni kuandika. Mama anaita. Ananiita mimi, Bibi Kompyuta, nimwinue aoge, kesho ana kliniki. Mwanawe amesema nibaki huku huku, atamwinua yeye. Mama amekataa. Anasema mwanawe hajui kuushika ule mkono wa sindano za kusafishia damu, ataumizwa.

Ameita tena. Nimesimama mlangoni na kalamu yangu. Mume wangu yuko koridoni, kati yangu na chumba cha mama. Haendi kwa mama. Wala hanipishi —