Cherehani Yako Imerudi, Mama Nafula

Mke wangu Mama Nafula,

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Lakini hii nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, maana ushindi kama huu siwezi kumwachia mtu mwingine ausimulie.

Unakumbuka ulivyonivuta mpaka kwa chifu tujiandikishe bima ya serikali? Nilikwambia mwili wangu ni chuma. Ukasema, "Mzee, weka kidole hapo twende." Nikaweka, ili unyamaze.

Mwaka huu, wewe ukiwa umeshalala udongoni kule Bungoma, kifua kilinibana nikigonga bati kwa kibanda. Ambulensi haiingii kwetu Kambi Muru, hizo njia unazijua. Majirani wakang'oa mlango wetu wakanibeba juu yake mpaka barabarani. Hospitalini wakaulizwa jina langu. Wote wakasema, "Fundi Jiko." Ikaandikwa hivyo. Miaka yote hiyo naunda jiko Kibera nzima, nani anajua jina la kitambulisho isipokuwa wewe?

Bima ikasema haina mtu anaitwa Fundi Jiko. Hospitali ilitaka pesa yake, Nafula wetu akaweka cherehani yako rehani kwa mkopeshaji wa Kawangware, ndio nikatoka. Kurudi nyumbani nikaona ile kona yako iko tupu. Nilikataa kuizoea.

Nikaenda ofisi ya bima mara sita. Msichana wa dirishani aliniambia, "Guka, babu yangu, huyu mgonjwa ni mtu mwingine."

"Basi huyo mtu mwingine alikuwa na kifua changu," nikamjibu.

Mara ya saba nilienda na wote walionibeba. Akauliza, "Fundi Jiko ni nani hapa?" Vidole vyote vikanielekea. Mama Akinyi wa samaki akaongeza, "Na ni mzito huyu, bega linaniuma mpaka leo. Mwandikie, hatumbebi tena."

Ofisi nzima ilicheka. Wakaandika ushahidi wao, chifu akapiga muhuri, bima ikalipa hospitali, hospitali ikanirudishia pesa. Hao wasomi wote, na aliyewashinda ni mimi wa darasa la pili.

Cherehani niliifuata Kawangware mwenyewe. Nafula alinikataza kuibeba. Niliibeba.

Sasa asubuhi yeye hushona uniform za shule. Mimi hulala tu hapo nimefumba macho, nasikiliza. Nikiyafumbua nitaona si wewe, kwa hivyo sina haraka.

Mumeo ambaye hajashindwa,
Baba Nafula